Mwanafunzi wa Kijapani husoma Kiingereza kwa kurudi nyuma. Msaada uanzie hapo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana wa Uganda, hasa waliosomea ualimu wa lugha, wanaotafuta kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari ya juu wa Japani kupitia intaneti. Mganda aliyeshika Kiingereza vizuri anaiweza kazi hiyo. Tatizo ni kwamba wengi huingia wakidhani mtoto anahitaji mtu wa kupiga naye soga. Dakika 50 zinakwisha wakizungumzia vyakula na hali ya hewa, mtoto anatabasamu, halafu anarudi kwenye kifungu chake cha ufahamu na kukwama palepale alipokwama jana. Kinachomkwamisha ni mpangilio wa maneno ndani ya sentensi. Sisi hatukioni kikwazo hicho kwa urahisi kwa sababu lugha zetu hazinacho.

Chukua sentensi hii: "The old bridge that the farmers had repaired before the rains was carried away in one night." Kwa Kiswahili: Daraja kuukuu ambalo wakulima walikuwa wamelikarabati kabla ya mvua lilisombwa kwa usiku mmoja. Maneno yamefuatana karibu vilevile: kwanza daraja, halafu maelezo yake, halafu lililolipata. Kiganda kinakwenda hivyo, Kiacholi pia. Sasa weka maneno ya Kiswahili mahali ambapo Mjapani angeyaweka kwa lugha yake: wakulima, mvua, kabla ya, walikarabati, kuukuu, daraja, usiku mmoja, lilisombwa. Daraja lililotajwa mwanzoni kabisa kwa Kiingereza limeibuka katikati, baada ya maelezo yake yote. "Kabla ya" imekaa nyuma ya mvua. Kitenzi kikuu kimefunga safari.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa kwa njia ya kutafsiri, ambayo Wajapani huiita yakudoku, hushuka na sentensi mpaka nukta, kisha hugeuka na kupanda tena akiokota vipande na kuvipanga upya kichwani kwa utaratibu wa Kijapani. Huko kurudi kuna jina lake, kaeriyomi. Wala si uvivu, ni mazoea ya zamani sana: kwa karne nyingi Wajapani walisoma maandishi ya Kichina cha kale kwa kutia alama ndogo pembeni mwa herufi, kumwonyesha msomaji aruke wapi na arudi wapi. Hatuidharau njia hiyo. Kwa sentensi moja ngumu inatoa tafsiri sahihi kabisa, na baadhi ya vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Kyoto kikiwa maarufu kwa hilo, bado hutaka sehemu za Kiingereza zitafsiriwe kwa Kijapani katika mtihani wao wenyewe.

Lakini kabla ya kufika huko upo mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, Kyotsu Tesuto, unaofanyika katikati ya Januari kwa siku mbili. Ulianza mwaka 2021 ukichukua nafasi ya Senta Shiken uliokuwapo tangu 1990. Karatasi ya kusoma Kiingereza ni ya dakika 80 na alama 100, na majibu yote ni ya kuchagua. Maswali ya matamshi, mkazo na sarufi iliyosimama peke yake yaliondolewa, yakabaki ya kusoma tu: matangazo ya shule, barua pepe, makala fupi, majedwali, maoni ya watu wawili yanayopingana. Jumla ya maneno, pamoja na maswali yenyewe, inakaribia 6,000. Gawanya kwa 80 upate maneno 75 kwa dakika, na hapo hujampa mtoto hata sekunde moja ya kufikiri. Ukitaka abakiwe na nusu ya muda kwa ajili ya majibu, lazima asome maneno 150 kwa dakika. Anayepita kila sentensi mara mbili, kwenda na kurudi, hafiki. Swali la mwisho humkuta hajaligusa, naye husema Kiingereza ni kigumu, wakati maneno yenyewe mengi anayajua.

Kwa hiyo kazi ya msaidizi ni kumfanya asome akienda mbele tu. Nyenzo yake ni mkwaju, ile alama ya kukata. Sentensi yetu ikikatwa inakuwa hivi: The old bridge / that the farmers had repaired / before the rains / was carried away / in one night. Mahali pa kukata panajulikana: kabla ya "that", "which" na "who"; kabla ya kiunganishi; kabla ya vihusishi kama "in", "before" na "with"; na pale kiima kirefu kinapoisha ndipo kitenzi kianze. Kipande kizuri kina maneno matatu hadi saba. Kwenye kila mkwaju mwanafunzi anasema maana ya kipande hicho tu, hata kwa Kijapani, kisha anasonga. Akifika "that the farmers had repaired" aseme "ambalo wakulima walilikarabati" na kuliacha hivyo hivyo likining'inia, asilitafutie makao mapya.

Huhitaji kujua Kijapani ili kujua kama anafanya sawasawa. Sikiliza mwendo wake. Akisema kidogo, akanyamaza kidogo, akasema tena, anakwenda mbele. Akinyamaza mpaka nukta ndipo amwage sentensi nzima kwa mkupuo mmoja, amerudi nyuma. Dawa yake ni kufunika alichokwisha kukisoma. Wengi wetu hufunika yaliyo chini, ambayo bado, na hilo halimsaidii kitu. Kwenye skrini unayomwonyesha, andika vipande kimoja kwa kila mstari, kisha sogeza ukurasa ili kilichosomwa kipotee juu. Atalalamika mara mbili tatu za kwanza. Mvumilie.

Hapa kuna makosa mawili ya msaidizi. La kwanza ni kukata ovyo, kila maneno mawili, hadi mtoto anabeba vipande kumi kichwani na vyote vinamponyoka. La pili ni kuuacha mkwaju ukawa gongo la kudumu. Wiki mbili za mwanzo kata wewe. Wiki tatu au nne zinazofuata akate yeye kwa kalamu. Baada ya hapo akate kwa macho tu, karatasi ikiwa safi, kwa sababu katika chumba cha mtihani hakuna nafasi ya kupiga mistari mamia kwa mamia.

Somo la dakika 50 tunalipendekeza liwe na kifungu kimoja cha maneno 250 hadi 300, si vitatu. Kabla ya kukitumia, mwombe apitie maneno 100 ya mwanzo na kupiga mstari chini ya asiyoyajua. Yakizidi matano, kiweke kando, si kiwango chake. Kwa kusoma kwa raha yasizidi mawili. Kisha asome mara ya kwanza kwa saa, dakika mbili, bila kamusi wala kalamu. Muda ukiisha atie alama alipofika. Kama amefika neno la 160, basi kasi yake ni 80, iandike na tarehe. Muulize swali moja tu: nani anamwambia nani, na kuhusu nini? Ndipo mrudi kwenye vipande, na hapo tumia dakika 20 nzima. Maswali ya kuchagua yaje baadaye, na dakika tano za mwisho asome kifungu kilekile tena kwa saa. Safari hii atapita neno la 200, na mtaona wote wawili. Karatasi za miaka iliyopita huwekwa wazi na taasisi ya taifa inayotunga mtihani huo, hivyo hakuna haja ya kununua vitabu kwa kuanzia.

Kuhusu majibu ya kuchagua, mtego mkubwa ni jibu linalorudia maneno ya kifungu huku likigeuza maana. Kifungu kinasema: "Few visitors use the east gate, although it is closer to the station." Jibu mojawapo linasema lango la mashariki linapendwa kwa kuwa liko karibu na kituo cha treni. Mtoto anaona "east gate", anaona "station", anachora alama. Amepita juu ya "few" na "although". Mzoeshe kunyooshea kidole mstari wa kifungu unaolibeba jibu kabla ya kulitaja. Asipoupata mstari, jibu hilo ni la kubahatisha hata likiwa sahihi, na msilihesabu.

Hilo "few" lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. "Few students came" ni kusema wanafunzi waliokuja ni wachache mno. "A few students came" ni kusema wapo kadhaa waliokuja. Herufi moja tu, na maana inageuka kutoka kulalamika hadi kutaja tu. Kijapani hakina "a" wala "the". Kiswahili pia hakina, kwa hiyo hapa mnafanana na mwanafunzi wako, na unaweza kumwelekeza kama mtu aliyevuka mto huohuo. Vivyo hivyo na ukanusho wa nusu. "Not all the farmers agreed" ni "si wakulima wote waliokubali". Mwanafunzi husoma kana kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali. Tazama na maneno yanayokanusha bila kuvaa "not": "hardly", "unless", "fail to", "far from". Yatungie sentensi nne kila wiki, mbili za kweli na mbili za mtego.

Viwakilishi ni shimo jingine, na hapa Kiswahili kinakupa silaha ambayo Mwingereza hana. Mjapani huacha kiima bila kukitaja pale kinapoeleweka, hivyo "it", "they" na "this" humpita bila kumshtua. Soma: "The school sent the bus to the village, but it was late." Ukitafsiri kwa Kiswahili huwezi kukwepa kuamua. Shule ilichelewa, basi lilichelewa, kijiji kilichelewa: ngeli inakulazimisha, nawe unasema "lilichelewa". Basi kabla ya somo pitia kifungu chote namna hiyo kwa Kiswahili, kila "it" na kila "they", uone wewe mwenyewe uliteleza wapi. Ndani ya somo mwache achore mshale kutoka kwenye kiwakilishi mpaka kwenye nomino yake. "This" mwanzoni mwa sentensi aitazame kwa makini zaidi, maana mara nyingi inabeba wazo zima la sentensi iliyotangulia wala si neno moja.

Katika msamiati, usimwongezee orodha. Mtaala wa sasa wa Japani unataka mwanafunzi akutane na maneno kati ya 4,000 na 5,000 tangu shule ya msingi hadi amalize sekondari ya juu, naye kwa kawaida ana kijitabu chake cha maneno, neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kijapani. Maneno magumu anayo. Anachokosa ni maana ya pili ya maneno mepesi. "Address" kwake ni anwani, na akikuta "address the problem" anashangaa tatizo limepata vipi sanduku la posta. "Figure", "issue", "term", "charge" yako kundi hilo. Halafu yapo maneno ambayo Kijapani kiliyakopa kutoka Kiingereza yakabadilika tabia: kurēmu ni lalamiko, lakini "claim" katika makala ya Kiingereza ni kudai kwamba jambo fulani ni kweli, kanningu ni kuibia katika mtihani, lakini "cunning" ni ujanja, sumāto ni mwembamba, manshon ni fleti ya kawaida tu. Hili la "claim" linaumiza zaidi, kwa sababu mtihani hupenda kuuliza lipi ni jambo la hakika na lipi ni maoni ya mtu. Msomaji wa Kiswahili asishangae: hoteli yetu nayo aghalabu ni mahali pa kula, wala haina vitanda.

Kutofautisha hakika na maoni hufundishwa kwa jozi. "The library closes at six" unaweza kwenda kuhakikisha mlangoni. "The library closes too early" huwezi. Neno lililobadilisha yote ni "too". Aandike jozi tatu kama hizo yeye mwenyewe kuhusu shule yake, na atakuwa ameelewa kuliko kusomewa maelezo ya ukurasa mzima.

Sasa tabia zetu za darasani. Mwalimu wa Uganda amezoea kuacha neno nusu ili darasa limalizie: "Hii ni nomi...?" na watoto sitini wanaitikia "nomino!" Mwanafunzi wa Kijapani hajui mchezo huo. Atakutazama akidhani mtandao umekatika. Na ukimuuliza kama ameelewa, ataitikia "hai", yaani ndiyo, na kuinamisha kichwa, ambavyo mara nyingi maana yake ni "nakusikiliza". Usiulize "umeelewa?" hata mara moja. Mwambie akuonyeshe neno, achore mshale, achague kati ya mawili. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kimya chake ni kazi inayoendelea, na ukikivunja kwa kutoa jibu umemnyang'anya. Yeye atakuita sensei, yaani mwalimu; nawe mwite kwa jina la ukoo ukiongeza "san" mpaka akuombe vingine. Ni mtoto wa miaka 15 hadi 18, kwa hiyo mzazi ajue ratiba na mahali mnapokutania, na ujumbe wa faragha nje ya hapo usiwepo.

Mkiandika vifungu vyenu wenyewe, jambo ambalo ni zuri, safisheni Kiingereza cha Uganda. "You are lost" kwetu ni "umepotea siku nyingi". Kwa mtoto wa Osaka ni mtu asiyejua njia. "Extend" kwetu ni sogea kidogo, "balance" ni chenji, "first wait" ni subiri kwanza. Na "rolex", ile chapati yenye mayai, yeye atasoma saa ya mkononi ya bei mbaya. Hatusemi Kiingereza chetu kina aibu. Tunasema mtihani wake hautakiuliza, na hana muda wa kukibeba. Habari za sokwe wa Bwindi au chanzo cha Nile hapa Jinja zitamfaa sana baadaye, akishaweza kwenda mbele bila kurudi. Kabla ya hapo mpe mada anayoijua, kama vilabu vya shule, taka za kuchambua, ratiba ya treni, ili agombane na lugha peke yake.

Liko suala la saa, ambalo limevuruga masomo mengi bila sababu. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, mwaka mzima, maana nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa majira. Mwanafunzi akimaliza klabu na chakula, saa mbili usiku kwake, kwetu ni saa nane mchana, wakati mwalimu yuko darasani. Jumamosi ni bora: saa kumi jioni ya Tokyo ni saa nne asubuhi ya Kampala. Na mnapoandikiana, andika saa kwa mfumo wa tarakimu 24, yaani 16:00 kwake na 10:00 kwako, kwa sababu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akiandika "4" akimaanisha saa nne, mwenzake ataamka alfajiri au hatatokea kabisa. Pakua kifungu mapema na umtumie kama picha nyepesi, ili umeme au bando likikatika katikati aendelee kusoma kwenye simu yake huku ukirudi.

Mwaka wa shule wa Japani huanza Aprili na mtihani wa pamoja huja Januari, wakati sisi tuko kwenye likizo ndefu kati ya muhula wa tatu na kufunguliwa kwa shule Februari. Mwalimu anayetaka kuifanya kazi hii kwa dhati achukue mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuanzia Septemba, mara moja kwa wiki, amalize mikwaju kabla ya katikati ya Novemba, na likizo ikifika aongeze iwe mara tatu kwa karatasi kamili za dakika 80. Baada ya Krismasi msifungue kifungu kipya cha mafunzo. Rudieni vile alivyovikosea. Kama mtoto ameomba chuo cha serikali, bado kuna mtihani wa chuo chenyewe kuanzia tarehe 25 Februari, na hapo mnaweza kuirejea ile tafsiri ya polepole, sentensi moja moja, ambayo miezi yote mlikuwa mkiiweka pembeni.

Ni sisi,
Walimu wa Kiingereza na Kiswahili,
Jinja.